Gramu 400 zilizosomeka gramu 100: uchambuzi wa kisa cha herufi za Bodoni kwenye pakiti ya dagaa

## Usuli

Kikundi kinachohusika ni cha akina mama wanaosindika dagaa kwenye mwalo mmoja (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) wa Ziwa Victoria, mwendo mfupi kutoka Mwanza mjini. Jina la kikundi, la mwalo na la duka nimeyaacha, na vijambo vichache visivyogusa kiini nimevibadilisha ili wahusika wasitambulike. Kazi yangu ni kuandaa mafaili ya watu kabla hayajaenda kuchapwa. Niliitwa baada ya mzigo kurudishwa, na waliohusika wameridhia kisa kiandikwe.

Zamani dagaa wao waliuzwa kwa gunia na kwa kisado, kama wa kila mtu. Kilichobadilisha hesabu ni vichanja. Dagaa aliyekaushwa juu ya wavu hana mchanga, na kila aliyewahi kula dagaa aliyeanikwa chini anajua hilo lina thamani gani. Kikundi kikaamua dagaa wa namna hiyo awekwe kwenye pakiti ya gramu 400 na auzwe madukani mjini, kwa bei inayolingana na kazi yake.

Mwenyekiti alimpa dizaina sharti moja: "Mwanangu, sitaki pakiti ya kuonewa huruma." Alikuwa ameona bidhaa nyingi za vikundi zilizojazwa picha ya samaki, jua, ziwa na maandishi ya rangi nne, ambazo mtu hununua ili kusaidia. Yeye alitaka inunuliwe kwa kutamaniwa. Naliona hilo kuwa sharti la haki kabisa, na ndilo lililompeleka dizaina kwenye Bodoni, mojawapo ya fonti, yaani michoro ya herufi za kuchapa.

Wengi wanaifahamu Bodoni kwa sura hata kama hawaijui kwa jina. Nguzo zake za wima ni nene na nyeusi, na mistari inayoziunganisha ni myembamba kama unywele. Vikanyagio vya herufi, yaani serifu, ni vistari bapa vilivyokaa chini ya nguzo bila kupindwa kona. Herufi nzima imesimama wima, haina mlalo wa kalamu. Jina la jarida la Vogue limeandikwa kwa herufi za ukoo huo huo, za Didot, na magazeti ya mitindo, vipodozi na manukato yamezitumia kiasi kwamba jicho la mnunuzi likiziona tu linawaza kitu cha bei. Dizaina hakukosea kuzifikiria.

## Yaliyotokea

Sampuli ya kwanza ilikuwa stika, imechapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa. Neno DAGAA lilikaa katikati kwa herufi kubwa za pointi 28 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), limezungukwa na nafasi tupu ya kutosha. Chini yake mstari mmoja ulieleza kwamba wamekaushwa kwenye vichanja. Chini zaidi kulikuwa na uzito, mzalishaji, anwani na namna ya kuhifadhi, vyote kwa pointi 8, vyote Bodoni. Ukingoni mwa pakiti palipita mkanda wa kahawia wenye maneno "Mwanza, Tanzania" yaliyoachwa wazi ndani ya rangi. Ilipendeza kwelikweli. Mwenyekiti aliipokea, akaigeuza mkononi, akasema ifanyike hivyo hivyo.

Kisha hesabu ya stika ikapigwa. Kila pakiti ingehitaji stika yake na mkono wa kuibandika, na gundi ilianza kuachia kwenye banda lenye unyevu wa ziwa. Wakaamua kuchapa moja kwa moja kwenye pakiti za kaki kwa skrini, yaani wavu uliobanwa kwenye fremu na kupitishwa wino, kwa fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni fulana, viroba na mifuko. Bei ilishuka vizuri. Faili lilibaki lile lile.

Wakati wenyewe ulikuwa unabana. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu na mitumbwi inalala. Kikundi kilitaka pakiti ziwe tayari kabla giza halijaingia, maana dagaa wakishaanza kushuka mwaloni hakuna anayekaa kusubiri kazi ya mchapaji.

Fundi aliona tatizo kwenye fremu yenyewe, hata kabla ya kumwaga wino. Baada ya kuanika emalshani (dawa ya kuziba wavu, inayogandishwa kwa mwanga) kwenye mwanga na kuosha fremu, mistari mingi myembamba haikufunguka. Akampigia dizaina: "Kaka, hizi nyuzi nyembamba hazishiki." Akajibiwa aongeze wino. Akauzimua kwa thina, akavuta skwiji, mpira wa kusukumia wino, mara mbili badala ya moja. Mistari myembamba ikaendelea kukatika, na nguzo nene zikavimba kwa sababu kaki inanyonya. Picha ya pakiti ikatumwa kwenye simu. Kwenye simu ilionekana nzuri. Mwenyekiti naye akaiangalia kwa umbali wa mkono, jina likasomeka, akaruhusu kazi iendelee.

Mzigo ulifika dukani na kukaa rafuni siku chache tu. Malalamiko yalianzia kaunta: mteja aliona amelipishwa bei ya gramu 400 kwa pakiti iliyoandikwa gramu 100. Msimamizi akachukua nyingine, akaisogeza machoni, naye akasoma 100. Akarudisha zote. Aliwaambia akina mama kwa heshima kwamba dagaa wenyewe hawana tatizo lolote, ila hawezi kuweka rafuni pakiti ambayo uzito wake una mabishano.

## Nilichokiona kwa lenzi

Nililetewa pakiti kumi na lile faili. Nieleze kwa karibu kilichotokea kwenye 4, kwa sababu kisa chote kimo humo. Nne ya Bodoni ina nguzo moja nene ya wima. Mstari wa mshazari unaopanda kutoka kushoto na mstari wa kulala unaokata nguzo ni nyembamba zote mbili. Vikitoweka hivyo viwili, kinachobaki ni nguzo iliyosimama peke yake juu ya serifu yake, na hakuna msomaji atakayeiita kitu kingine isipokuwa moja. Sifuri mbili zilizofuata zilikuwa zimepoteza vifuniko vya juu na chini, zimebaki mabano mawili mawili.

Neno DAGAA liliumia kwa namna yake. A kubwa ya Bodoni ina mguu mwembamba wa kushoto, mguu mnene wa kulia na kiunganishi chembamba katikati. Neno hili lina A tatu. Kwenye pakiti kadhaa miguu ya kushoto ilikatika vipande, viunganishi vikapotea, na kulibaki mistari mitatu minene iliyoegemea upande mmoja. D ilikuwa nguzo na upinde visivyogusana. Jina lilisomeka kwa sababu mnunuzi aliwaona dagaa wenyewe kupitia dirisha la plastiki la pakiti.

Maandishi madogo ndiyo yalikuwa mabaya kuliko yote. Kiswahili kina m, n na u nyingi, na katika Bodoni herufi hizo ni nguzo nene zilizoshikwa na matao membamba. Tao likikatika, n ni fimbo mbili na m ni fimbo tatu. "Matumizi" lilikuwa safu ya fimbo. Kwenye mkanda wa kahawia hali ilikuwa kinyume lakini mwisho wake mmoja: wino ulisambaa kutoka pande zote na kuziba mistari iliyotakiwa kubaki wazi.

Hesabu ni fupi. Pointi moja ni takriban mm 0.35. Mstari mwembamba wa fonti aliyotumia ulikuwa kama sehemu 2 za 100 za ukubwa wa herufi. Kwa pointi 8 unapata mm 0.056. Skrini ya fundi ilikuwa ya nyuzi 43 kwa sentimita, kwa hiyo uzi mmoja na tundu lake huchukua mm 0.23. Mstari mwembamba kuliko nafasi hiyo hauna mahali pa kupita kwa uhakika: ukiangukia kwenye tundu utachapika, ukiangukia kwenye uzi utakatika. Hata jina la pointi 28, lenye mstari wa karibu mm 0.2, lilikuwa chini ya kipimo. Ndiyo maana lilikatika hapa na kushika pale, na hakuna pakiti mbili zilizofanana. Wino wa ziada usingeweza kurekebisha hilo kwa vyovyote.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikutana bandani: Mwenyekiti, katibu wake, dizaina, fundi na mimi. Baada ya shikamoo na chai mezani palikuwa na mapendekezo matatu. Katibu alitaka Bodoni iondolewe kabisa na kila kitu kiandikwe kwa herufi nene za kawaida. Dizaina alitaka warudi kwenye stika. Fundi alisema apewe tu herufi zinazopita kwenye wavu wake, mengine ni yao.

Nilisimama upande wa fundi, na sababu yangu ni kwamba yeye ndiye pekee aliyekuwa anaongelea kifaa kilichopo. Skrini ya nyuzi 77 ingeruhusu mistari myembamba zaidi, lakini hakuwa nayo, na wino wake wa fulana ungeganda kwenye matundu madogo. Tukakubaliana mchoro ufuate wavu wa 43, na kipimo cha chini kiwe mm 0.3 kwa mstari wowote.

Hapo Mwenyekiti akauliza swali lililookoa muundo: je, jina likikuzwa mistari yake nayo si itakua? Ndivyo ilivyo. Kwa pointi 72 mstari ule ule unafika karibu mm 0.5, juu kabisa ya kipimo cha mm 0.3. Bodoni ikabaki kwenye jina, kubwa, imeenea karibu upana wote wa pakiti. Kwa mstari wa vichanja tukachukua Bodoni Moda, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kuchagua mchoro kulingana na ukubwa utakaotumia, kuanzia pointi 6 hadi 96. Tulichukua mchoro wa ukubwa mdogo, wenye mistari iliyonenepeshwa, tukauandika kwa pointi 24, ukavuka kipimo. Uzito, anwani na maelezo ya kuhifadhi yakahamia kwenye Noto Sans nene kiasi, fonti isiyo na serifu wala mistari ya unywele, pointi 10. Namba ya uzito ikapandishwa hadi pointi 20 na kuwekwa peke yake.

Dizaina alipinga Noto. Alisema fonti mbili zitavunja umoja wa pakiti. Tulichapa zote mbili kwenye kaki, tukampa, akaangalia. Hakuongeza neno.

Pakiti zilizorudishwa hazikutupwa. Ziliwekewa kistika cheupe cha uzito na zikauzwa mwaloni na kwenye magulio, ambako mnunuzi huwafungua dagaa na kuwanusa kabla ya kulipa.

## Matokeo

Toleo la pili lilipokelewa na duka lile lile, na malalamiko ya uzito yakakoma. Kabla ya kuchapa lote, fundi alivuta karatasi ya majaribio yenye namba zote kutoka 0 hadi 9 na maneno yenye m na n nyingi, juu ya pakiti halisi za kaki, na Mwenyekiti akaisaini. Naona saini hiyo ndiyo hatua iliyokuwa na faida kuliko zote, na haikugharimu chochote.

Mwenyekiti bado anasema pakiti ya kwanza, ile ya stika, ilikuwa nzuri zaidi. Nakubaliana naye. Ile nafasi tupu kubwa kuzunguka jina dogo ilikuwa na utulivu ambao hii ya sasa haina, na kwa ofseti (uchapaji wa mashine za kiwandani) kwenye karatasi laini ingewezekana. Siku kikundi kikiweza kuagiza pakiti zilizochapwa kiwandani, mchoro ule unaweza kurudi karibu ulivyokuwa.

Kulikuwa na kazi ya pembeni, bango la barabarani. Mchora mabango alipewa mchoro wa jina na kuambiwa aunakili kwenye bati. Akaupima kwa macho, akavuka barabara, akarudi na kunenepesha mistari yote myembamba kwa brashi bapa bila kumuuliza mtu. Dizaina aliudhika. Lakini ukipita na daladala, A zote tatu zinaonekana, na yule mzee mchora mabango hajawahi kusikia jina la Bodoni.

## Uchambuzi

Lililofanikiwa tangu mwanzo ni uchaguzi wa sura. Nalisisitiza kwa sababu maoni ya katibu, kwamba "fonti za kifahari hazitufai huku", ndiyo hitimisho ambalo wengi wangelichukua, na lingewanyima akina mama kitu walichokitafuta kwa haki. Fonti haikuwa na kosa. Ilipewa ukubwa na njia ya kuchapa ambazo haikuchorewa.

Historia yake inaeleza jambo hilo vizuri. Katikati ya karne ya 18, John Baskerville wa Birmingham alishughulikia kwa pamoja karatasi laini zaidi, wino mweusi zaidi na herufi zenye tofauti kubwa ya unene na wembamba, kwa kuwa kimoja hakifai bila kingine. Giambattista Bodoni, aliyezaliwa Saluzzo nchini Italia mwaka 1740, alikabidhiwa kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma mwaka 1768 na akalifikisha wazo hilo mbali zaidi, wakati huo huo Firmin Didot akifanya hivyo Paris. Vitabu vya Bodoni vilikuwa vikubwa, vya karatasi bora na pambizo pana, kwa wateja wa ikulu. Mstari wake mwembamba ulizaliwa humo. Kuuhamishia kwenye kaki kwa pointi 8 ni kuutoa nje ya kila kitu kilichouwezesha kuwepo.

Kuna jambo la pili, na naona ndilo linalosahaulika zaidi. Enzi za Bodoni kila ukubwa wa herufi ulichongwa peke yake kwenye chuma. Mchongaji wa herufi ndogo hakupunguza tu ile kubwa; aliacha mistari myembamba iwe minene kidogo kwa uwiano, akafungua nafasi za ndani, akatenganisha herufi. Bodoni alifariki mwaka 1813, na mwaka 1818 mjane wake, Margherita Dall'Aglio, akatoa juzuu mbili za vielelezo vya herufi zake, zilizopangwa kwa ukubwa mmoja baada ya mwingine. Kompyuta imetuzoesha kinyume chake: mchoro mmoja unavutwa hadi ukubwa wowote, na mara nyingi mchoro huo ni ule wa vichwa vya habari. Dizaina alipoandika 8 kwenye kisanduku cha ukubwa, kompyuta haikumwonya.

Wabunifu wa baadaye walilijua tatizo hilo. Morris Fuller Benton alipoifufua Bodoni nchini Marekani kuanzia miaka ya 1909 na 1910, aliipa mwili imara zaidi kwa uchapaji wa biashara. ITC Bodoni ya mwaka 1994 ilitolewa kwa michoro mitatu, ya pointi 6, 12 na 72. Bodoni Moda tuliyotumia inafuata njia hiyo hiyo, na kwa mchapaji wa Mwanza asiye na fedha za leseni ni zana ya kuaminika. Tahadhari moja: hata mchoro wake wa ukubwa mdogo usingepona kwenye wavu wa 43 kwa pointi 8. Umechorewa kupona kwenye karatasi na skrini za kompyuta. Ndiyo maana maelezo madogo yalilazimika kutoka kabisa kwenye ukoo huo.

Kosa kubwa katika mwenendo wa kazi lilikuwa sampuli kutengenezwa kwa njia moja na mzigo kwa nyingine. Uamuzi wa kuacha stika ulikuwa wa busara kibiashara, lakini ulichukuliwa kama jambo la bei tu, na hakuna aliyerudi kwenye faili. Pili, mtu aliyejua ukweli mapema zaidi, fundi, alikuwa na neno dogo kuliko wote. Aliwasiliana na dizaina, dizaina akamjibu kama mtu anayelalamikia kazi, na Mwenyekiti hakupata kusikia maneno ya fundi yenyewe. Tatu, ukaguzi ulifanyika kwenye simu. Simu huonyesha pakiti nzima kwa ukubwa wa kiganja, na jicho hujaza lenyewe mistari iliyokosekana kwa sababu linajua neno linalotarajiwa. Kwa DAGAA hilo huwezekana. Kwa namba haliwezekani, kwa kuwa 100 ni uzito halali kama 400.

Uzito, tarehe na anwani ni mambo ambayo sheria inayataka kwenye lebo ya chakula, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa ubora wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kwa hiyo yanastahili kuamuliwa kwanza, kwa fonti na ukubwa unaopita kwenye kifaa kilichopo, kisha nafasi inayobaki ndiyo ya urembo. Dizaina alianza na jina na kuyasukuma hayo chini kabisa, na wengi wetu hufanya hivyo.

Bado limebaki jambo moja ambalo halijakaa sawa. Mkanda wa kahawia. Kwenye toleo la pili tuliacha maneno yake wazi ndani ya rangi, kwa Noto nene, na bado kwenye baadhi ya pakiti tundu la a linaziba pale wino ukiwa mwepesi. Fundi anapendekeza mkanda utolewe. Dizaina anataka maneno yahamishwe juu yake na mkanda ubaki mtupu. Mwenyekiti amechagua la dizaina kwa toleo linalofuata, na fundi ameomba achape pakiti ishirini kwanza.